Kaunta buku, simu au jedwali: daftari lipi la kazi litakufaa saiti?

Mpwa wangu amepata kazi ya kusimamia ujenzi wa madarasa huko Ruangwa. Jumapili alinipigia. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua, ndipo akafika kwenye shida yake. "Mjomba, wameniambia niwe naandika kumbukumbu za kazi kila siku. Sasa niandike kwenye daftari, kwenye simu, au nitafute laptop?"

Nilicheka, maana swali hilo limenila miaka. Nimesimamia miradi midogo Mtwara na Lindi tangu 2016: madarasa, vyoo vya shule, zahanati moja, na matangi ya kuvunia maji ya mvua huko Newala, juu kwa Wamakonde, ambako maji ya ardhini yako mbali mno na kila paa ni mali. Mingi ilikuwa ya fosi akaunti, yaani shule au kijiji chenyewe kinanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo hapo. Njia zote tatu alizozitaja mpwa nimezitumia, na zote tatu zimewahi kuniangusha. Kwenye simu nilimjibu kwa kifupi kwa sababu salio lilikuwa lake. Hapa namjibu kwa kirefu.

Tuelewane kwanza. Sisemi kitabu cha saiti, kile ambacho mhandisi wa halmashauri akija kukagua anaandika maelekezo na kusaini. Kile ni mali ya mradi na kinabaki kwenye mradi. Nasemea daftari lako wewe, ambalo vitabuni huitwa shajara: kilichotokea, ulichoamua, kwa nini uliamua hivyo, na siku nyingine utafanya nini tofauti. Kitabu cha saiti kitasema zege la msingi limemwagwa. Daftari lako litasema kwa nini limemwagwa saa tisa badala ya saa nne, na ni nani alikuwa amekuonya juzi yake ukamdharau.

Siku moja, rekodi tatu

Kuna siku moja ambayo ninayo katika njia zote tatu. Ni Jumatano tarehe 8 Novemba 2023, saiti ilikuwa Tandahimba. Wakati huo nilikuwa najaribu kuhama kutoka karatasi kwenda simu, na waliokuwa wamenipa kazi walitaka nijaze jedwali la kompyuta kila Ijumaa. Kwa hiyo siku hiyo imeandikwa mara tatu. Kazi ilikuwa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

Kwenye kaunta buku, kwa penseli:

"Jtn 8/11. Mawingu tangu asubuhi. Mafundi 3, vibarua 5 (walitakiwa 11). Zege la lenta darasa la 2, tumeanza saa 4. Mchanga ulioletwa jana umelowa. Mchanganyo wa kwanza laini, wa pili laini, wa tatu uji kabisa. Fundi anasema maji ni yale yale. Nimepunguza lita 5 kila mfuko, limekaa sawa. Mvua saa 8:10, tumefunika turubai, imebaki kama mita 5 upande wa nyuma. Michanganyo 3 mibovu iko juu ya MLANGO. Kufuatilia."

Kwenye WhatsApp nilijitumia picha nne na ujumbe wa sauti wa dakika mbili na ushee. Picha moja inaonyesha lenta limefunikwa turubai la bluu, na nyuma yake wingu jeusi limekalia mikorosho. Picha nzuri, ningeweza kuiweka ukutani. Kwenye sauti unasikia upepo, unasikia mtu anadai koleo lake, kisha mimi nasema, "Basi mvua ndiyo hiyo, tumefanya lenta, imebaki kidogo, ee, kuna lile suala la mchanga nitalieleza baadaye." Sikulieleza.

Kwenye jedwali kuna mstari mmoja: tarehe, "lenta darasa 2", asilimia 85, "mvua", vibarua 5, saruji mifuko 8.

Miezi minane baadaye kamati ya shule iliona ufa mwembamba juu ya mlango wa darasa la pili. Wakaniita. Mwenyekiti hakuwa mkali, aliuliza tu, "Bwana, hapa ilikuwaje?" Jedwali halikuwa na jibu. Picha zilithibitisha kwamba siku ya zege mvua ilinyesha na kwamba tulifunika, ikanisaidia, maana kulikuwa na maneno ya mitaani kwamba tuliacha zege linyeshewe. Lakini sababu ilikuwa kwenye kaunta buku, mistari mitatu ya penseli: zege la juu ya mlango lilizidi maji. Tukabomoa kipande cha mlangoni tu, tukakimwaga upya. Bila ile mistari tungebomoa lenta zima, au mbaya zaidi, tungepiga plasta juu ya ufa na kujifanya hatujui.

Ukiishia hapo utasema karatasi imeshinda, tufunge mjadala. Subiri.

Karatasi

Kaunta buku nene lenye jalada gumu linauzwa kila duka la vifaa vya shule, kwa bei isiyozidi sana sahani mbili za wali samaki. Halitaki chaji wala bando. Unaliandika ukiwa umesimama, mkono una vumbi la saruji, jua linakuchoma na skrini ya simu imekuwa kioo cha kujitazamia tu. Na kuna jambo ambalo sijawahi kulipata kwenye simu: mkono ukiandika taratibu, kichwa kinapata muda wa kuuliza. Yale maneno "fundi anasema maji ni yale yale" niliyaandika kwa hasira, nikimaanisha fundi anadanganya. Nilipofika kwenye nukta ndipo nikagundua kwamba kama maji ni yale yale, basi maji mengine yanatoka mahali pengine. Nikaenda kushika mchanga.

Kaunta buku lina heshima yake pia pale kunapotokea ubishi. Ukitia namba kurasa zote siku ya kwanza, kwa mkono, hakuna ukurasa utakaochomolewa wala kuchomekwa pasipo kuonekana. Jambo la malipo au idadi ya tripu za mchanga nikiliandika, namwita dereva na yeye aweke sahihi pembeni. Ubishi wa "nilileta tripu saba, umeandika sita" umeisha kabisa tangu nianze hivyo.

Ubaya wake? Mchwa. Daftari langu la 2018 nililihifadhi kwenye sanduku chini ya kitanda Nachingwea. Nilipolitafuta mwaka uliofuata nilikuta jalada mbili na udongo katikati. Siku hizi yakijaa yanakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya kabati. Mvua nayo: wino wa kalamu nyingi ukilowa unatambaa hadi unashindwa kutofautisha 3 na 8, ila penseli haitambai. Watu wanaona penseli ni ya darasa la kwanza. Mimi natumia penseli.

Lakini ubaya mkubwa si mchwa wala mvua. Karatasi inapanga kila kitu kwa tarehe, na wewe ukitaka kitu hukumbuki tarehe. Unakumbuka tu kwamba "kuna mahali tuliwahi kupata kokoto chafu." Ukianza kufunua kurasa mia mbili, utachoka kabla hujafika. Dawa niliyoipata ni ya kizamani: kurasa kumi za mwisho naziacha. Humo naandika neno na namba ya ukurasa: kokoto 14, 61, 90; mchanga 33, 47; msiba 22, 58. Kila Jumamosi, dakika kumi. Usipofanya hivyo, kaunta buku ni kaburi la habari.

Simu

Vijana wengi, mpwa wangu akiwemo, moyo wao uko hapa, na siwalaumu. Tangu mwishoni mwa 2022 WhatsApp imeruhusu mtu kujitumia ujumbe mwenyewe waziwazi. Kabla ya hapo tulikuwa tunaunda kundi, tunamwingiza ndugu mmoja, halafu tunamtoa, tunabaki peke yetu humo kama wachawi. Sasa ni rahisi: unafungua, unaandika, muda unajiweka wenyewe.

Kwa picha, simu haina mpinzani. Nondo zilizofungwa kabla ya kufunikwa na zege, bomba kabla ya kufukiwa, kina cha msingi huku futi kamba imesimama ndani yake: vitu hivi baada ya siku mbili haviwezi kuonekana tena mpaka ubomoe. Piga picha. Piga ya mbali ionyeshe ni jengo gani, kisha ya karibu. Weka kitu cha kupimia ndani ya picha, hata kalamu.

Hapa nina jambo ambalo wengi hawalijui. Picha ikipigwa na kamera ya simu huwa imebeba ndani yake tarehe, saa, na mahali kama umeruhusu. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, programu inaipunguza ukubwa na kuziondoa taarifa hizo. Kwa hiyo ile uliyojitumia si ushahidi kamili, ushahidi ni ile ya asili iliyobaki kwenye simu. Ukitaka kuituma ikiwa nzima, itume kama faili la hati. Nilichelewa kulijua hili, na nilikuwa nafuta za asili ili nipate nafasi.

Sauti ndiyo inayonitia wasiwasi. Kuongea ni rahisi kuliko kuandika, na ndiyo maana unaongea bila kusema kitu. Ninazo sauti zaidi ya mia mbili ambazo sijawahi kuzisikiliza tena hata moja, isipokuwa ile ya Tandahimba, na umeona ilivyonisaidia. Ujumbe wa maandishi unautafuta kwa neno: unaandika "kokoto", zinakuja zote. Sauti huwezi kuitafuta hivyo, itabidi ukae usikilize upepo. Kama unapenda kuongea, basi ongea, ila chini yake andika maneno matatu ya kuitambulisha: "mchanga umelowa Tandahimba." Hapo itapatikana.

Na simu inapotea. Mwishoni mwa 2024 nilikuwa nashuka kwenye kivuko cha Msangamkuu, mkono mmoja una begi, mwingine una mtoto wa dada yangu, simu ikachomoka mfukoni ikaenda majini. Sikushtuka sana, nilijua kuna nakala ya akiba Google. Niliponunua nyingine nikakuta nakala ya mwisho ni ya Juni. Google inatoa bure gigabaiti 15 kwa barua pepe, picha na faili zako zote kwa pamoja, na siku hizi akiba ya WhatsApp ya simu za Android nayo inahesabiwa humo humo. Yangu ilikuwa imejaa video za harusi. Miezi mitano ya kazi ikawa chakula cha samaki. Picha za matangi mawili ya Newala ziliondoka nazo, na zile hazirudi kwa kuwa matangi yameshafukiwa nusu.

Jambo dogo jingine: simu ni ya familia. Mtoto anacheza mchezo, mkeo anampigia dada yake. Mambo ya watu wa saiti, nani kaomba mkopo, nani anaumwa, hayafai kuwa pale yanapoguswa na kila mkono.

Jedwali

Jedwali la kompyuta nililichukia kwa mwaka mzima. Nilikuwa nalijaza Ijumaa usiku kwenye chumba cha wageni, umeme ukikatika nashukuru. Kila kitu kinatakiwa kiingie kwenye kisanduku, na maisha ya saiti hayaingii kwenye kisanduku. "Mvua" ni neno moja, lakini mvua ya dakika kumi baada ya zege kushika si sawa na mvua ya saa nzima katikati ya kumwaga.

Kisha likanifundisha jambo ambalo kaunta buku sita hazikunifundisha.

Kila mwaka ikifika Oktoba kazi zangu zilikuwa zinazorota. Mwaka 2022 nililaumu malipo yaliyochelewa. Mwaka 2023 nikamlaumu fundi mkuu, nikasema hajui kukaa na watu, na karibu nimwondoe. Januari 2024, katika kufunga hesabu, nikapanga ile safu ya vibarua waliofika kwa mwezi, miaka miwili sambamba. Agosti: 11 au 12 kwa siku. Septemba mwishoni inaanza kushuka. Oktoba: 5 au 6. Novemba vivyo hivyo. Januari inapanda tena. Miaka yote miwili, vijiji tofauti, mafundi tofauti.

Korosho! Mtu mwenye mikorosho yake, au ya mama yake, hawezi kukaa kwako kubeba karai wakati korosho zinaanguka chini na minada imekaribia kuanza. Na malori ya kukodi nayo yako huko huko, ndiyo maana tripu ya mchanga inapanda bei. Mimi ni mtu wa huku, nimekula korosho tangu sina meno, na sikuliona. Sikuliona kwa sababu kila mwaka niliandika sababu ya mwaka huo, na sababu hiyo ilikuwa na mantiki ikisomwa peke yake. Namba zilipokaa kwenye mstari mmoja ndipo zikasema. Tangu hapo naweka kazi za watu wengi, misingi na zege, kati ya Juni na Septemba, kiangazi, mvua zikiwa mbali. Oktoba naacha plasta na milango, kazi za mafundi wachache. Yule fundi mkuu bado niko naye, na hajui jinsi alivyonusurika.

Kwa hiyo jedwali lina kazi moja linayoifanya kuliko wenzake: kuhesabu na kulinganisha vitu vinavyojirudia. Vibarua, saruji, tripu, siku za mvua. Lisilohesabika usilipeleke huko.

Halihitaji laptop, mwambieni mpwa wangu asiuze mbuzi. Linafunguka kwenye simu, na unaweza kuliwekea mpangilio wa kufanya kazi bila mtandao. Huo mpangilio uweke mapema, ukiwa na mtandao. Mimi nilijifunza Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani, mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, mabomba yangu yakabaki upande wa pili wa maji. Nikapangua ratiba nzima kwenye jedwali lililokuwa mtandaoni. Tarehe 12 nyaya za baharini zikakatika, intaneti nchi nzima ikawa ya kubahatisha. Nimekaa chini ya mwembe, vibarua wananitazama, nangoja kiduara kiache kuzunguka. Fundi mmoja akasema, "Bosi, si ulikuwa unaandika kwenye daftari?" Nilikuwa naandika, lakini wiki ile sikuandika.

Na akaunti unayotunzia vitu hivyo iguse mara kwa mara. Akaunti ya Google ikikaa miaka miwili bila kuguswa, kwa kanuni zao inaweza kufutwa na vilivyomo.

Unachoandika kinazidi unapoandika

Nimeona madaftari mazuri ya wenzangu, mwandiko wa kupendeza, yasiyo na faida. Sehemu ya "mafunzo" imejaa maneno kama "mawasiliano yaboreshwe" na "vifaa vifike kwa wakati." Hayo ni ya kusomwa mkutanoni watu wapige makofi. Mwakani ukiyasoma hutajua ufanye nini.

Funzo linalofaa lina kilichosababisha ndani yake, na kitendo. La ule mchanga nililiandika hivi baada ya kuuliza na kupima: "Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), mchanga ni ndoo tatu na nusu za lita 20. Mchanga huo ukilowa unaweza kubeba lita 5 za maji peke yake. Shika kiganjani, finya: ukibaki umeshikana na kiganja kimelowa, punguza maji. Halafu mchanga wenye unyevu unavimba, ndoo inaonekana imejaa kumbe mchanga ni pungufu." Hilo kijana yeyote anaweza kulichukua kesho akalifanyia kazi. Jingine la Mtwara mjini: "Usikubali mchanga wa ufukweni hata ukiletwa nusu bei. Onja. Ukiwa na chumvi, rudisha, chumvi itakula nondo." Mafundi walinicheka nilipoonja mchanga. Sasa wanaonja wenyewe.

Nachingwea, ninakotoka kwa mama, kuna wazee wanaokumbuka reli. Ililetwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, wakitaka kulima mamilioni ya ekari kule Kongwa, Urambo na huku kwetu. Kufikia 1951 serikali yao ilikuwa imeukatia tamaa, pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Kule Kongwa walikuta udongo ambao kiangazi unakuwa mgumu kama sakafu, jembe la trekta linakatika, na mvua isiyotabirika. Wapimaji walizunguka nchi kwa wiki chache tu kabla ya kazi kuanza, rekodi za mvua za kutegemea zilikuwa haba. Reli ya kwetu iling'olewa miaka ya 1960. Ripoti ziliandikwa nyingi sana baada ya hapo, ila mtu wa kuandika kila siku jembe limekatika wapi na mvua imenyesha kiasi gani, huyo alitakiwa awepo miaka mitano kabla.

Kuhusu watu, tahadhari. Daftari litakaa mezani, litafunguliwa. Fundi akija amelewa usiandike amelewa. Andika: "Fundi hakuweza kupanda jukwaani leo, nimemrudisha nyumbani saa 3, kazi ya juu imehamia kesho." Kilichoathiri kazi kimeandikwa, na mtu hajavuliwa nguo. Ya kwako wewe, hata hivyo, yaandike wazi. "Nilisahau kuagiza waya wa kufungia nondo" ni sentensi inayouma, na ndiyo yenye thamani kuliko zote kwenye kurasa hizo, kwa sababu hakuna mwingine atakayekuandikia.

Basi uchukue ipi

Ukinibana nichague moja tu, nachagua kaunta buku lenye kurasa za mwisho zilizoachwa wazi, na sifikirii mara mbili. Lakini hiyo ni kwa mtu wa saiti, anayesimama juani. Katibu wa chama cha msingi cha korosho anayepokea kilo za watu na kulinganisha msimu na msimu, huyo kazi yake ni namba. Aanze na jedwali, daftari liwe la maelezo ya pembeni. Afisa ugani anayezunguka Liwale na pikipiki kuangalia mikorosho iliyopata ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, picha kwake ni nusu ya kazi. Simu iwe mbele, mradi aandike jina la shamba na tarehe aliyopulizia salfa chini ya kila picha. Mwalimu mkuu aliyeangukiwa na mradi wa fosi akaunti na hajawahi kujenga hata banda la kuku, namshauri karatasi, na amwombe kila anayemwelekeza jambo aliseme polepole ili aliandike. Hapo atapata faida mbili, kwa sababu mtu akijua anaandikwa huacha kubahatisha.

Mimi nafanya hivi: kaunta buku kila siku kabla sijaondoka saiti, si baada ya kufika nyumbani, maana nyumbani kuna wageni. Simu kwa picha, na picha za asili nazihamishia kwenye flashi kila mwisho wa mwezi. Jedwali Jumamosi, safu tano tu: tarehe, kazi, waliofika, saruji, saa za mvua. Nilianza na safu kumi na saba, nikaacha wiki ya tatu. Muda wote ni kama dakika ishirini kwa siku na nusu saa Jumamosi. Anayekuambia inachukua dakika tano huyo haandiki.

Mpwa wangu alinunua kaunta buku Jumatatu. Jana usiku akanitumia picha ya ukurasa wa kwanza, namba ya ukurasa ameiandika vizuri pembeni. Chini ya tarehe kuna mstari mmoja: "Leo hakuna cha kuandika, mvua."

Nikamjibu: ilianza saa ngapi?